Sentimita Saba za Shaba

Alikuja Jumatatu, duka halijapata mteja wa kwanza,
gita limefungwa kwa leso kama mtoto mwenye homa.
"Fundi, nikatie bomba la shaba,
sentimita saba. Lisiwe na makali pande zote mbili."

Mimi ni fundi wa bomba, Jericho, nyuma ya soko.
Nimekata mabomba ya choo, ya sinki, ya tangi la paani.
Bomba la kidole sijawahi.
Nikampima kidole cha pete. Hakikuwa na pete.
"Litakaa hapo," akacheka. "Nafasi ipo."

Jina lake Truphena Agola. Miaka ishirini na minne
alikaa Posta na visikizio masikioni, akiunganisha simu:
Kisumu subiri, Bombay ongea, London laini imekatika.
Ilipokuja mitambo inayojiunganisha yenyewe
akapewa saa ya ukutani na barua ya shukrani.
Saa aliiuza. Barua sijui.

"Watu wakilia kwenye simu," aliniambia nikipiga tupa,
"sauti hainyooki. Inateleza, inashuka,
inatafuta pa kukanyaga.
Gita halijui kuteleza. Linapanda ngazi kama askari.
Baba alipiga orutu: uzi mmoja, kidole kinatambaa.
Basi usiku mmoja, zamu ya saa nane,
laini ya Amerika ikabaki wazi. Mtu kaweka simu mezani,
nyuma yake santuri inazunguka,
mzee wa huko anapiga gita kwa shingo ya chupa.
Nikajua huyu ni ndugu wa baba.
Wenyewe wanaita bluzi. Kwetu angekuwa anapiga dengo matangani."

Shaba ile niliing'oa nyumbani kwa mama, Kaloleni,
mwaka tulioweka mabomba ya plastiki.
Sikumwambia. Nilimtoza mia mbili.
Baadaye nikajuta; baadaye tena sikujuta.

Jumamosi nikaenda kumsikiliza, Ngara,
ukumbi ulio juu ya duka la bajia.
Kirit Vadgama, mshonaji wa sare za shule, alikuwa kwenye tabla,
vidole bado vina alama za chaki.
Athumani wa Majengo alikuja na udi,
na kikohozi ambacho hakikufuata mdundo.
Truphena akalaza gita mapajani,
kama mtu anayechambua mchele,
akavaa bomba langu.

Mnajua bomba linavyolia maji yakikaribia?
Kaloleni maji yalikuja Alhamisi usiku.
Kwanza hewa. Bomba linakohoa ukutani, linaguna,
mguno unapanda hadi kooni,
na mama keshaamka kabla ya tone,
anapanga madumu gizani, hataki kutuamsha.
Sisi tuko macho. Tunajifanya.

Huo ndio mguno alioutoa Truphena.
Uzi wa tatu, polepole, kutoka shingoni hadi karibu na tundu,
na tabla ikanyamaza kuupisha,
na Athumani akameza kikohozi.
Kisha Kirit akagonga mara moja, kwa kiganja,
kama dumu la kwanza likiguswa na maji.

Jamaa mmoja nyuma akaomba rumba.
Hakujibiwa.

Nilitaka kusimama niseme: hiyo ni shaba ya mama yangu.
Nikanunua bajia.

Alhamisi iliyofuata maji yalifika kwangu saa tisa.
Plastiki hailii. Maji huja kimyakimya, kama mwenye nyumba.
Niliyakuta yameshamwagika hadi mlangoni.
Nikapiga deki, nikajaza ndoo mbili,
kisha nikapekua nyuma ya vaisi
nikapata kipande kilichobaki cha ile shaba.
Nikakivaa kidole cha pete.
Kikapwaya.
Nikakipiga tupa hata hivyo.